Chakula Kikavu cha Watu Kumi na Wawili

Jumapili, 27 Julai

Naapa kuandika yote. Daftari hili nilipewa na Dada Naima alipokuja Sikukuu ya Idi. Alisema nisiandike siku nilizofanya vizuri tu, maana hizo ni chache na daftari lina kurasa tisini na sita. Likijaa nimpelekee Kondoa anakofundisha, alisome, acheke, anirudishie. Basi, Dada, yote. Hata ya aibu. Hasa ya aibu.

Jambo kubwa! Kambi ya Skauti! Siku tatu kuanzia Nane Nane, kule Kolo, Kondoa, vilimani, kwenye mahema! Nafasi ni kumi na mbili. Kumi na moja zimejaa. Mimi simo. Niliangushwa na mtihani wa mafundo. Fundo langu lilikuwa zuri sana, ila nililifunga pamoja na kidole gumba cha Mwalimu Respicius, ikabidi kitafutwe kisu.

Lakini nafasi ya kumi na mbili bado iko wazi. Ni ya mkuu wa chakula. Mwalimu Respicius alitangaza Ijumaa mstarini: kambini hakuna duka, hakuna friji, gari litaishia chini ya kilima na kila kitu kitabebwa mgongoni. Kwa hiyo chakula kitakuwa kikavu. Anayeitaka nafasi hiyo afike Jumatano ya tarehe sita na chakula cha watu kumi na wawili kwa siku tatu, kilichokaushwa nyumbani, kisichozidi kilo sita. Atakionja mwenyewe. Tulinyoosha mikono wawili tu. Mimi na Ursula.

Dada, sijawahi kulala kwenye hema. Sijawahi kulala mahali popote ambapo si kwetu wala si kwa ndugu. Nataka kuamka, nifungue zipu, nitoe kichwa, niukute ulimwengu uko pale. Zipu hiyo nimeiota mara mbili.

Ursula anakaa mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma. Kwao wana mashine ya umeme ya kukaushia chakula, trei sita, mjomba wake aliitoa Dubai. Mimi nina jua. Jua la Dodoma halikatiki! Nitashinda!

Jumatatu, 28 Julai

Nyanya. Mama alinipa ndoo nzima. Niliamka alfajiri nikazikata vipande vyembamba, nikazipanga kwenye nyungo mbili, nikazinyunyizia chumvi, nikafunika kwa chandarua cha zamani. Nikaziweka kibarazani karibu na cherehani ya Mama, aziangalie wakati niko shule. Nilirudi saa tisa. Zimeanza kujikunja pembeni! Sayansi!

Nikavuta kigoda nizilinde. Kibaraza chetu kinatazama njia ya bombani, na mtaa wetu wote wa Mkonze huteka maji pale.

Akapita Mzee Batholomeo, jirani yetu wa mkono wa kulia, mstaafu wa reli. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba. Akautazama ungo. Nami nikasema neno ninalolisema tangu niote meno: karibu.

Unajua tulivyolelewa. Mtu asipite mbele ya chakula bila kukaribishwa. Na mpitaji naye ana jibu lake. Anasema ahsante, nimeshiba, anakwenda zake, hata kama tumbo linamlilia. Kila mtu anajua. Mzee Batholomeo hajui. Au anajua na hataki. Alisema, "Nimekaribia, mjukuu wangu!" Akaomba maji ya kunawa.

Maji ya kunawa! Kwa nyanya ambazo hata hazijakauka!

Alikula vipande vyake kwa utulivu, akasifu chumvi, kisha akauliza ugali uko wapi. Mama alicheka mpaka uzi ukamkatikia kwenye sindano. Nikamwuliza mbona ungo wa pili umepungua kabla sijarudi. Akasema walipita wateja wanne wa magauni, ningetaka awanyamazie?

Hasara: ungo mmoja na nusu. Si neno. Chakula kikikauka hupungua, ndivyo kitabu cha Sayansi kinavyosema.

Jumanne, 29 Julai

Mpango mpya! Nyuma ya nyumba! Hakuna njia, kwa hiyo hakuna mpitaji. Sijui kwa nini watu hulala na matatizo wakati suluhisho liko nyuma ya nyumba.

Mama alileta nyama kilo mbili. Niliichana nyuzinyuzi, nikaipaka chumvi, ndimu na pilipili manga, nikaitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo kwa vibanio. Ilipendeza! Kama nguo za familia ya watu wadogo sana.

Nilisahau kitu kimoja. Kamba ile ni yetu na ya Mama Anyitike wa mlango wa pili.

Alikuja saa kumi kuanua mashuka. Nilimwona akikunja kona. Nikajiambia, Stumai, nyamaza. Nikajiambia tena. Mdomo ukasema, "Karibu, Mama Anyitike."

Yeye ni mstaarabu. Akasema ahsante mwanangu, nimeshiba. Nikashusha pumzi. Lakini mtu akisema ameshiba si unamwambia hata kidogo tu? Nilimwambia hata kidogo tu.

Akasema haya, kwa kuwa nimesisitiza. Akaonja kibanio cha kwanza, akafikiri, akasema nyama imekolea ila inataka moto. Akaenda kwake akarudi na jiko la mkaa. Dada, yule mama anajua kuchoma nyama! Ilipotoa harufu, Mzee Batholomeo alikuja bila kukaribishwa na mtu, akieleza kwamba alishakaribishwa jana na hajasikia kwamba ile karibu imefutwa.

Vibanio vyote vitupu. Nimevihesabu ili nijiliwaze. Thelathini na moja.

Alhamisi, 31 Julai

Jana sikuandika, nilikuwa nafikiri. Nimepata!

Juu ya bati! Nani atapita juu ya bati? Saa nne tu limeshakuwa kikaango. Mama akasema nikivunjika mguu nisiende kwake kulia. Leo Mwalimu ametupa ruhusa mapema, nikaegemeza ngazi, nikapandisha viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwa, vitunguu, nyanya zilizobaki, na mchicha mafungu sita.

Mchicha uliondoka. Upepo wa mwezi wa saba uliinama, ukauchukua wote kwa pamoja, na mara ya mwisho nilipouona ulikuwa unaelekea Singida. Viazi nikaviwekea mawe. Nikasimama pale juu, mikono kiunoni, nikawatazama watu wakipita chini na ndoo zao bila kujua. Nikawapungia. Raha iliyoje!

Halafu nikasikia nyundo.

Mzee Batholomeo alikuwa juu ya bati lake, anapigilia kipande kilichoinuliwa na upepo. Kati yetu hatua tatu za hewa. Akanitazama. Nikamtazama. Akavitazama viazi.

Nimeapa kuandika yote. Nilisema.

Akavua viatu. Akachukua ubao, akaulaza kutoka bati lake hadi bati letu, akaanza kuvuka. Mzee wa miaka sabini na moja! Ningefanyaje, nimwache aanguke? Nikanyoosha mkono, nikamshika, nikamvusha mwenyewe hadi kwenye viazi vyangu. Chini Mama alikuwa anapiga kelele akimtaka Mungu ashuhudie. Mzee Batholomeo akamjibu kutoka juu kwamba asiwe na wasiwasi, aliwahi kutembea juu ya behewa likiwa linakwenda.

Alikula ameketi, akitazama mji. Akasema viazi hivi vingekaa kivulini kwenye upepo, si kwenye bati, vinaungua nje na ndani vinabaki na maji. Sikumsikiliza. Mtu mwenye mdomo umejaa viazi vyangu hawezi kunifundisha viazi.

Ijumaa, 1 Agosti

Leo sitasema. Leo haiwezekani niseme. Nimejaza maji mdomoni!

Mpango bora kuliko yote. Vilivyobaki viko kibarazani: viazi nusu ungo, vitunguu, na embe kavu alizozileta Mama kutoka sokoni, nimezichanganya kwa ajili ya rangi. Mashavu yamejaa maji, mimi nimekaa kimya kama nguzo. Wakapita wasichana wawili wa bombani. Nikatikisa kichwa kwa adabu. Wakatikisa. Wakapita! Wamepita bila kula! Niliruka ndani kwa ndani.

Akaja Mama Anyitike.

Hapo ndipo nilipogundua shimo kwenye mpango. Mkubwa huwezi kumtikisia kichwa. Mkubwa anaamkiwa. Nilijaribu kusema shikamoo na maji yangu yote. Yalitoka puani. Nilipaliwa, nikakohoa, machozi yakanitoka, nikashindwa kuongea kabisa. Mama Anyitike alikuwa ameniona nimevimba mashavu, sasa akaniona ninahangaika, akanipiga mgongoni, akatangaza njia nzima kwamba Stumai wa Mama Naima ana matubwitubwi.

Kufikia saa kumi na moja kibaraza kilikuwa kimejaa waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Wanawake saba kwenye mkeka, na Mzee Batholomeo kwenye kigoda. Nilijaribu kueleza. Wakasema nisijichoshe.

Sasa wageni watakaaje midomo mitupu? Mama aliingia ndani, akatazama huku na huku, akatoka na ungo wangu. Na aliyeuzungusha, Dada, ni mgonjwa mwenyewe. "Karibuni," nilisema. Kwa wingi.

Walipoondoka Mama aliona haya kuwaacha waende mikono mitupu, akawafungia vilivyobaki wapelekee waliobaki nyumbani. Bakuli nane za Mama zimeondoka zimejaa. Ungo umebaki na chumvi.

Jumapili, 3 Agosti

Ghala langu, vyote nilivyovisahau juu ya bati: kikombe kimoja cha nyanya, vitunguu vya kujaza kiganja, na jani moja la mchicha lililorudi lenyewe.

Nimekwenda Kikuyu kumpeleleza Ursula. Nilisema nimekuja kuazima kitabu cha Jiografia. Mama yake alinikaribisha chai na mihogo. Nikasema ahsante nimeshiba. Akasema hata kidogo. Nikasema nimeshiba kweli. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Akaniamini! Akaondoa sahani! Nimelelewa vizuri mno, na nyumba nyingine hawajui kusisitiza.

Ursula alinionyesha mashine. Inanguruma kama paka. Ana mifuko myeupe imepangwa mezani, kila mmoja una karatasi: karoti, kabichi, hoho, wali. Kilo sita barabara. Akauliza mimi nimefikia wapi. Nikasema naendelea vizuri. Alikula karoti moja mbele yangu, nikasikia mlio wa mtu anayetembea juu ya kokoto. Akanipa moja ya njiani. Niliitia mdomoni pale Kikuyu. Nimefika Mkonze, bado ni karoti.

Nimelia kidogo nyuma ya nyumba, chini ya kamba. Naiandika kwa sababu niliapa. Mama alinikuta. Nikamwambia zimebaki siku tatu na mimi sitakwenda, hiyo zipu nitaisikia tu kwa wenzangu. Mama alirudi kwenye cherehani, akakanyaga mshono mmoja mrefu, kisha akajitanda khanga akasema anakwenda kupima nguo za wateja. Jumapili! Alipita nyumba kama nane. Angalau mmoja wetu kazi zinamwendea.

Jumanne, 5 Agosti

Dada! Dada! Dada!

Bakuli zimerudi!

Alianza Mama Anyitike saa tisa na nusu. Akasema amekuja kumwona mgonjwa na kurudisha chombo, na chombo hakiwezi kurudi kitupu, yeye hana tabia hiyo. Nikafunua. Nyama! Nyama kavu, nyeusi, ngumu nje laini ndani, ile anayoitundika juu ya moshi jikoni kwake. Akaja mama wa pili, bakuli la maharage yaliyochemshwa yakakaushwa, ukiyatia maji ya moto yanaiva papo hapo. Wa tatu, majani ya kunde makavu. Wa nne, viazi vitamu vikavu vyeupe kama chaki, na utamu wake! Wa tano, nyanya kavu zimekuwa nyekundu kama viatu vya sikukuu. Wa sita karanga za kukaanga, wa saba uyoga wa masika. Wa mwisho Mzee Batholomeo, mlenda mkavu uliosagwa kutoka kwao Mvumi, amejaza bakuli mpaka likafanya kilima.

Kumbe kila nyumba inayo! Chini ya kitanda, juu ya jiko, kwenye ndoo yenye kifuniko. Wanakausha kila mwaka mvua zikikatika. Nikawauliza mbona hawakuniambia. Wakasema sikuuliza, nilikuwa nakaribisha tu.

Mama Anyitike alitaka kunieleza wao hufanyaje. Kitu fulani kuhusu kivuli, na kugeuza, na kutoanika vyote kwa siku moja. Sikumfuata vizuri, nilikuwa napima. Mama alikuwa anashona na kutabasamu peke yake, sijui kwa nini.

Mzani ulisema kilo sita na robo. Robo imezidi! Nikachanganyikiwa. Nipunguze nini? Nani nimvunjie heshima bakuli lake? Nimekaa kibarazani nikikuna kichwa, Mzee Batholomeo akawa anarudi kutoka bombani. Nikasema karibu.

Sasa ni kilo sita kamili.

Jumatano, 6 Agosti

Nilipiga pasi sketi mara mbili. Nilibeba mfuko kama mtoto mchanga.

Mwalimu Respicius alikaa nyuma ya meza na kijiko. Ursula alianza. Mifuko yake ilimeta. Mwalimu akachagua karoti, akaitafuna, akapumzika, akaendelea kwa upande mwingine, akashika shavu. Akasema ni karoti yenye msimamo. Ursula alisema zinatakiwa kulowekwa usiku kucha. Mwalimu akasema anashukuru kwa kuambiwa, japo angependa kuambiwa mapema.

Mimi nilikuwa na jiko dogo. Maji yakachemka, nikatia mlenda, nyanya kavu, karanga zilizotwangwa. Dakika kumi. Mwalimu alionja. Yeye ni mtu wa Bukoba, huwa anasema mlenda ni mchuzi uliokata tamaa. Akaomba sahani ya pili.

Kisha akauliza, je, hivi vyote nimekausha mwenyewe?

Dada, nilikuwa na jibu tayari. Alisema vikaushwe nyumbani, hakusema nyumba ya nani. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima. Nilipofungua mdomo nikasema yote. Nyungo, kamba, bati, maji puani, bakuli nane, bila kupumua. Nilipomaliza nilikuwa natazama sakafu na nimeshaiaga ile zipu.

Mwalimu aliweka kijiko mezani. Kisha akasema yeye amekuwa skauti miaka ishirini na mbili, na hajawahi kuona mkuu wa chakula aliyekausha kila kitu kwa mkono wake. Anayetakiwa ni mtu ambaye akiwa hana kitu, chakula kinamjia. Nafasi ni yangu.

NAFASI NI YANGU!

Niliruka nikagonga jiko. Hakuna aliyeungua sana.

Akasema gari linaweza kubeba mtu mmoja wa ziada, kwa hiyo mkuu wa chakula achague msaidizi, ana hadi kesho. Nilikuwa na majina matatu kichwani, yote ya watu ninaowapenda. Lakini Ursula alikuwa bado amesimama pale mlangoni na mifuko yake, anatazama viatu. Alikuwa mbele yangu. Nami nilikuwa na furaha mikononi mwangu. Mtu hawezi kupitishwa hivi hivi.

"Karibu," nikasema.

"Nimekaribia," akasema Ursula, kabla sijafunga mdomo. Ameahidi kuja na karoti zote.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane, Kolo

Naandika nikiwa nimekaa kwenye jiwe! Jiwe la Kondoa! Tumepanda kilima na mizigo, nimebeba chakula mimi mwenyewe, sikumpa mtu. Mahema manne ya kijani. Nimefungua zipu mara kumi na moja, kutoka ndani na kutoka nje. Mwalimu amesema niache, inachakaa. Ursula na mimi tunalala hema moja. Anaimba akifunga kamba. Mafundo yake ni mazuri, hayashiki mtu.

Mchana tulipika sufuria kubwa. Nyama ya moshi, maharage, majani ya kunde. Harufu iliteremka bonde zima. Wote walisema hawajawahi. Nilijisikia kama mtu mzima mwenye nyumba yake.

Sasa sehemu ya pili, nayo niliapa kuiandika.

Ilikuwa saa nane. Wazee wa kijiji walikuwa wanatoka kwenye kikao cha mradi wa maji. Njia yao inapita chini ya kambi yetu. Niliwaona wakija kwa mstari, mbele Mzee Ibrahimu, mwenyekiti wa kikao, mwenye kofia nyeupe na fimbo. Watu thelathini na wanne. Ursula aliniangalia. Tumekuwa marafiki siku mbili tu lakini aliniwahi, akaniziba mdomo kwa mkono. Akaniziba vizuri kabisa.

Nilikaribisha kwa mkono wangu wa kulia.

Mzee Ibrahimu akasema kwao mtu hakatai chakula cha mtoto wa skauti, hasa mtoto mwenyewe akiwa wa Kirangi, maana alishaniuliza baba yangu ni nani, nikamtajia Bashiri, Mrangi wa huku huku Kondoa. Wakaketi. Ursula akawasha moto upya bila kunitazama. Sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walikula kwa adabu, walituombea dua ndefu, wakamsifu Mwalimu kwa malezi. Mmoja aliomba tumwazime sufuria ampelekee kidogo mama yake mgonjwa. Mwalimu Respicius alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Chakula cha siku tatu kimeliwa kufikia saa kumi na robo.

Zimebaki karoti za Ursula. Zote. Hakuna mzee aliyeziweza. Moja imeshikilia mlango wa hema lisipeperuke.

Mwalimu amesema asubuhi tukiwa hatuna cha kula, mahema yanashushwa na tunarudi Dodoma, siku moja kabla ya wakati. Wasichana kumi na mmoja wananitazama. Ursula anasema tusife moyo, karoti zimeshalowekwa.

Jumamosi, 9 Agosti, Kolo, saa moja na nusu asubuhi

Nimefungua zipu. Nimetoa kichwa. Ulimwengu ulikuwa pale, Dada! Wote! Umande, ukungu bondeni, ndege mmoja anapiga kelele kama bawaba.

Na sufuria yetu. Imewekwa mbele ya hema, safi, imesuguliwa mpaka inang'aa. Pembeni yake kamba, na kwenye kamba mbuzi.

Mzima! Beberu mweusi mwenye soksi nyeupe! Mzee Ibrahimu alikuwa amesimama na fimbo yake. Akasema chombo hakirudi kitupu, na kwa kuwa sufuria ilikuwa kubwa, wazee walikaa jana wakakubaliana. Nilimwamkia nikasahau kusimama, nilimwamkia nikiwa bado kichwa tu.

Tumeokoka! Mwalimu amecheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Mahema yanabaki. Mzee Ibrahimu yuko tayari kumchinja. Ursula ameshakusanya kuni, anasema tuchome nyama yote leo leo, tuile ikiwa laini, tushibe mpaka kesho saa ya kuondoka. Wote wamepiga makofi. Hata Mwalimu.

Maskini, hawana maono. Nyama mbichi, yote, siku moja! Wakati mimi sasa ni mtaalamu! Nimejifunza mengi wiki hizi mbili kuliko muhula mzima. Nimewaomba wanivumilie hadi saa sita mchana, wanywe maji, wajaribu karoti. Mahema yanapata jua zuri, paa zake zina mteremko, na hapa juu kilimani hapapiti mtu, ila leo tu, maana leo ni siku ya mnada na njia imeshaanza kujaa.

Daftari halijajaa lakini siwezi kungoja. Nalituma sasa hivi kwa bodaboda anayeshuka Kondoa mjini. Ameagizwa akukute nyumbani na asiondoke bila jibu. Niandikie hapa hapa chini, mstari mmoja unatosha, maana kisu kimeshanolewa na wenzangu kumi na wawili wamekaa kwenye duara wananitazama: mbuzi mmoja, akichanwa nyuzinyuzi na kutandazwa juu ya hema, anakauka kwa saa ngapi?